Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza na Swali Lisilo na Jibu



Katika mhadhara wa uzinduzi kama huu, profesa mpya hutarajiwa kueleza kazi zake mwenyewe. Nimeomba ruhusa nizungumzie jambo ninaloliona kubwa kuliko kazi zangu, nalo ni wakati wa mwanafunzi wa biolojia kuanza utafiti maabarani. Mazoea yetu yanamtaka asubiri mwaka wa mwisho, apewe mada na wiki chache, kisha afunge ripoti. Mimi nasema aingie mwaka wa kwanza au wa pili, tena aingie kwenye swali ambalo hata mwalimu wake hajui jibu lake.

Ushahidi wangu unatoka New York, katika chumba namba 613 cha jengo la Schermerhorn, Chuo Kikuu cha Columbia. Kilikuwa chumba kidogo, takriban mita 5 kwa 7, chenye meza nane zilizobanana, chupa za maziwa zilizojaa nzi wa matunda, na harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mwenye chumba alikuwa Thomas Hunt Morgan, ambaye mwaka 1910, katikati ya nzi wenye macho mekundu, alimwona dume mmoja mwenye macho meupe. Muda mfupi kabla ya hapo, katika mwaka wa masomo 1909–1910, Morgan alikuwa ametoa mihadhara ya mwanzo ya zoolojia kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kazi ambayo haikuwa desturi yake. Darasani walikuwamo vijana wawili, Alfred Sturtevant na Calvin Bridges.

Sturtevant alikulia shambani Alabama, kwenye farasi wa baba yake, na tangu utotoni alikuwa akiandika nasaba zao: nani kazaa nani, na wa rangi gani. Aliposoma kitabu kuhusu kanuni za urithi za Mendel aliona zinaeleza rangi za farasi wale. Akaandika hoja yake na kumpelekea Morgan, naye Morgan akamhimiza aichapishe. Ikatoka mwaka 1910, na mwaka huohuo kijana akapewa meza katika chumba cha nzi.

Hapa ningependa tutulie kidogo. Kijana huyu hakufika akisema tu kwamba anapenda utafiti. Alifika na kitu alichokijua kuliko mwalimu wake, yaani farasi wa kwao. Nawatazama ninyi mlioketi hapa. Yupo aliyekulia Ukerewe, anayejua dagaa huvuliwa usiku upi na huadimika lini. Yupo aliyechunga mbuzi Dodoma na kuona majani wanayoyakwepa. Yupo ambaye bibi yake alifuga nyuki Tabora. Mnapovuka geti la chuo mnaacha maarifa hayo nje, kana kwamba sayansi huanzia kwenye slaidi za mhadhiri. Yaleteni. Maswali mengi mazuri ya biolojia yamekaa humo, yanamsubiri mtu wa kuyapima.

Bridges aliingia kwa mlango mwingine. Alikuwa yatima asiye na fedha, akaajiriwa kuosha chupa. Siku moja, akiwa na chupa mkononi, aliona kwa macho matupu, kupitia kioo kinene, nzi mwenye macho mekundu ya kung'aa yasiyofanana na ya wenzake. Lilikuwa badiliko jipya la kurithiwa. Morgan hakumrudisha kwenye karai, bali alimpa kazi ya kuchunguza nzi. Mwaka 1916 makala ya Bridges ndiyo iliyofungua toleo la kwanza kabisa la jarida la Genetics, ikithibitisha kwamba jeni zimebebwa na kromosomu.

Sasa nije kwenye usiku mmoja wa mwaka 1911, maana hoja yangu yote imo humo. Ilikuwa imeshajulikana kwamba baadhi ya sifa za nzi hurithiwa pamoja, kwa kuwa jeni zake zimo kwenye kromosomu moja. Ilijulikana pia kwamba mara nyingine sifa hizo huachana, kwa sababu kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande. Jozi fulani za sifa ziliachana mara chache, nyingine mara nyingi. Katika mazungumzo na Morgan, Sturtevant akang'amua kwamba tofauti hiyo ni kipimo cha umbali: jeni zilizo karibu huachana kwa nadra, zilizo mbali huachana mara kwa mara. Akachukua takwimu, akaenda nazo nyumbani, na kazi za darasa za siku iliyofuata akaziweka kando. Kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya jeni duniani. Humo alipanga jeni ya mwili wa manjano kwenye sifuri, macho meupe kwenye 1.0, macho mekundu ya kung'aa kwenye 30.7, mbawa ndogo kwenye 33.7, mbawa dumavu kwenye 57.6. Alikuwa na umri wa takriban miaka 20.

Takwimu zile zilikuwa mezani, na waliozijua walikuwa zaidi ya mmoja. Mwanafunzi alichopewa ni ruhusa ya kuzigusa, na mtu mzima wa kubishana naye. Makala ilipotoka mwaka 1913 ilikuwa na jina moja tu, la Sturtevant. Morgan hakuweka lake. Na kitabu kikuu cha kundi lile, cha mwaka 1915, kilibeba majina manne: Morgan, Sturtevant, Muller na Bridges. Wahadhiri wenzangu, hili nataka tulitafakari kila tunapoandika orodha ya waandishi na kumsahau kijana aliyehesabu viluwiluwi hadi usiku.

Linganisheni na vipindi vyetu vya vitendo. Mwongozo umekwisha kueleza matokeo yatakavyokuwa. Mwanafunzi akipata tofauti, anachungulia daftari la jirani, anafuta, anaandika kinachotakiwa. Sote tunajua neno lake: kupika data. Tunawakaripia kwa tabia hiyo, lakini ni sisi tunaoifuga, kwa kumpa alama aliyepatia na kumnyima aliyeona. Mahali ambapo jibu halijulikani hakuna cha kunakili. Hapo daftari la maabara linakuwa na maana: tarehe, joto la chumba, kilichomwagika, kilichokufa, na kile ambacho hakikutarajiwa.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Columbia ilikuwa na fedha. Nzi wa matunda hahitaji fedha nyingi. Chakula chake ni uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Hukua kutoka yai hadi nzi kamili kwa takriban siku kumi kwenye nyuzijoto 25, joto ambalo nchi za baridi hulilipia umeme na sisi tunalipata bure miezi mingi ya mwaka. Na mbu je? Bonde la Kilombero lina maabara ya utafiti Ifakara tangu miaka ya 1950, na leo wanasayansi wake wanasomwa ulimwenguni kote. Kazi ya kila siku huko ni ya macho na subira: kufungua mtego asubuhi, kutenga jike na dume, kutofautisha mbu wa malaria wa aina ya Anopheles funestus na wale wa kundi la Anopheles gambiae kwa hadubini, kisha kupeleka kundi la gambiae kwenye kipimo cha vinasaba, kwa sababu gambiae mwenyewe na arabiensis hawatofautishiki kwa macho. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya akifundishwa vizuri na kusimamiwa.

Kuhusu namna ya kuomba nafasi, sitakaa sana. Soma makala moja ya mhadhiri unayemwendea, uisome hadi mwisho. Nenda na swali moja ulilolipata humo. Mweleze saa zako za wiki na uzitimize. Mheshimu fundi sanifu wa maabara, kwa kuwa ndiye atakayekufundisha kushika pipeti. Ukipewa kuosha vyombo, vioshe vizuri ukitazama kilichomo.

Lakini, Makamu Mkuu wa Chuo, Bridges alilipwa kwa kuosha chupa zile. Mwanafunzi anayeishi kwa bumu lililokwisha kabla ya muhula kwisha hawezi kujitolea jioni nne kwa wiki wakati mwenzake mwenye wazazi wenye uwezo anaweza. Tukiacha kazi ya maabara iwe ya kujitolea tu, tutakuwa tunachagua wanasayansi kwa mifuko ya baba zao. Naomba ndaki itenge posho ndogo ya wasaidizi wa maabara kutoka shahada ya kwanza, na kila mradi wa utafiti unaoombewa fedha hapa uwe na fungu hilo.

Tusisubiri posho ili tuanze; swali lisilo na jibu lipo hapahapa mabwenini. Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019. Mbu anayeieneza, Aedes aegypti, huuma mchana na hutaga kwenye ndoo, matairi na matangi, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Mabweni yetu yamejaa ndoo, maana maji hukatika. Je, ni ndoo zipi zinazomzalisha zaidi, zenye mfuniko uliolegea au zisizo nao kabisa? Za ghorofa ya chini au za juu? Kwa mabweni haya hakuna aliyenionyesha takwimu. Kuanzia Jumatatu saa kumi jioni, maabara yangu itakuwa wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili watakaotaka kuhesabu. Tutaweka makopo meusi yenye maji na vipande vya kitambaa vya kutegea mayai kwenye kila ghorofa, tutayakagua kila wiki kwa muhula mzima, na kila daftari litabaki na jina la aliyeliandika.