Hotuba ya Mwenyekiti: Kijana, Gari la Mama na Bima



Kwanza tumshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Mweka hazina amekwisha kuwasomea hesabu, kwa hivyo mimi sitarudia. Nina jambo moja tu. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikitoboka, akina mama, yote yanamwagika kwa siku moja.

Wengi wetu tulianza na kuku na mboga. Leo, kwa mkopo wa kikundi, kuna mama ana pikapu na mwingine ana gari dogo. Watoto nao wamepita miaka 18 na wamepata leseni. Kijana yuko chuoni, akija likizo ndiye anampeleka mama sokoni au hospitali. Hilo ni jema. Sisemi tuwanyime funguo, wasichana wala wavulana. Nasema hivi: kabla ya kumpa funguo, uliza kama bima inamkubali.

Sheria yetu ya Kenya, Sura ya 405, inataka kila gari barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, ile tunaita thadi pati. Kazi yake ni kumlipa mtu aliyeumizwa na gari, au jamaa zake akifa. Gari lako mwenyewe haitengenezi. Tena kwa mdai mmoja, sheria inailazimisha kampuni kulipa mpaka shilingi 3,000,000 tu. Korti ikitoa zaidi, deni hilo linawarudia nyinyi. Hapo ndipo shamba na ng'ombe huuzwa.

Wengine mnaniambia, "Mama, gari linakaa tu nyumbani, ya nini kulipa mwaka mzima?" Sawa. Thadi pati inapatikana hata ya mwezi mmoja. Kijana akija likizo ya Agosti au Disemba, lipia mwezi huo. Lakini lipa kabla gari halijatoka langoni, na uandike tarehe ya mwisho mahali mnapoiona. Ikiisha leo, kesho gari lisisogee. Na kama gari linatembea karibu kila mwezi, uliza bei ya mwaka, kwa sababu mwezi mwezi mara nyingi hugharimu zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwambie wakala ukweli wote: umri wa kijana, leseni ameipata lini, ataendesha mara ngapi, na gari linafanya kazi gani. Pikapu ya kubeba mizigo yako mwenyewe si sawa na ya kukodishwa kubeba mizigo ya watu. Usimfiche kijana ili ulipe kidogo. Masharti yakikataza umri wake, sheria bado inaweza kuilazimisha kampuni kumlipa aliyeumia, kisha kampuni inakugeukia wewe urudishe pesa hizo.

Hata ukichukua bima kubwa, ile ya kulipia gari lako pia, soma masharti. Kuna sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe, na kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya kampuni nyingi huiongeza. Uliza ni kiasi gani, na jibu liandikwe. Maneno ya mdomo hayasaidii kortini.

Siku hizi cheti kinakuja kwa simu. Usiridhike na kukiona tu. Pigia kampuni yenyewe uhakikishe kwamba namba ya gari na tarehe ni sawa.

Naomba kamati ikubali jambo hili: mwanachama akichukua mkopo wa gari, pesa za bima zihesabiwe ndani ya mkopo, na cheti kionyeshwe kwenye mkutano. Hiyo si kudharauliana, ni kulindana, maana sisi ndio wadhamini wa kila mmoja.

Vijana wetu, endesheni polepole. Akina mama wamefanya kazi sana.