Kumbukumbu Ina Mahali Pake: Kuwatunza Wazee Wenye Demensia Uvira



Nianze na mikono ya bibi yangu. Miaka yake ya mwisho hakunitambua tena. Aliniita kwa jina la kaka yake, marehemu wa siku nyingi. Lakini ukimwekea ungo wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mapajani, vidole vilishika kazi papo hapo: wazima huku, waliovunjika kule, mchanga chini. Asubuhi hizo hakulia, wala hakutafuta mlango wa kutokea.

Mikono ile ndiyo iliyonifundisha ninalowaletea leo. Kumbukumbu ya mzee haikai kichwani tu. Inakaa kwenye ungo, chini ya mwembe wa uani, kwenye njia ya kushukia ziwani, katika Kivira, Kifuliru au Kibembe alichokinyonya kwa mama yake. Kumtunza ni kumhifadhia hayo.

Sisi wa Uvira tumeona yakipotea. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba, na familia zikahamia walikopata hifadhi. Kijana huzoea njia mpya kwa siku mbili. Mwenye demensia huamka usiku akitafuta choo cha nyumba iliyochukuliwa na maji, na anayemwona akitangatanga gizani hunong'ona: mchawi. Neno hilo linaua. Septemba 2021, wanawake waliotuhumiwa uchawi waliuawa Kabare, Kalehe na Walungu, humu humu Kivu ya Kusini. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2016 kuhusu haki za wazee inazitaka nchi ziwalinde na tuhuma hizo. Sisi watu wa afya tuanze kwa kuwaambia jamaa waziwazi: demensia ni ugonjwa wa ubongo.

Wengi wa wagonjwa hawa wanatunzwa na binti au mkaza mwana. Wachache wako katika nyumba za wazee. Kote kuwili, kitanda kisihamishwehamishwe. Mlezi awe yule yule, na ajue lugha ya mzee. Taa iwake kwenye njia ya chooni. Mzee asifungwe kamba, apewe kazi anayoiweza. Na akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, msiseme ni uzee: demensia kwa kawaida huja polepole. Mpimeni malaria, mtazame kama kuhara kumemkausha maji mwilini. Mji huu unakijua kipindupindu.

Haya hayahitaji mashine. Wilayani Hai, Tanzania, wazee 34 wenye demensia walikutanishwa katika vikao 14 kwa wiki saba, wakizungumza na kufanya shughuli walizozizoea. Uwezo wao wa kufikiri uliongezeka, wasiwasi ukapungua. Vikao vya namna hiyo tunaweza kuvifanya hapa, mchangani, ndagala wakianikwa.

Wauguzi wenzangu, kesho mkiletewa mzee, ulizeni dawa anazomeza, kisha ulizeni: alifanya kazi gani? Anaota kwa lugha gani? Alipenda kukaa wapi? Andikeni majibu kwenye fishi yake ya matibabu, ili hata muuguzi wa zamu ya usiku ayasome. Fishi ya bibi yangu ilijaa vipimo vya damu. Ndagala hakuna aliyewaandika.