Nani Ameituma Prosesa?



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilikuwa na mada nyingine, yenye jina refu na heshima zaidi. Nimeiacha kwa sababu ya kikao kimoja. Chuo sikitaji, maana kingeweza kuwa chuo chochote. Tulikuwa tunajadili maabara ya kompyuta 20 zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika Ulaya, zote zinaendesha Linux. Taarifa mezani ilisema kivinjari kinakula prosesa, feni zinanguruma kama mashine ya kusaga, na wanafunzi wanalalamika kwamba kila kitu kinaganda. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akasema mashine zimechoka, zifutwe kwenye vitabu, zinunuliwe mpya. Akatoa na ushahidi: picha ya skrini inayoonyesha kivinjari kinatumia asilimia 187 ya prosesa. Akauliza, tangu lini asilimia ikazidi mia? Watu wakacheka, ajenda ikapita.

Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani Makoko, hapa Musoma, nikala sato wangu bila kusikia ladha yake.

Wenzangu wa fani hii wanajua Linux ni nini, kerneli ni nini na kwa nini vyuo vyetu viliipokea, hayo nayaruka. Nataka kushughulika na ile asilimia 187, kwa sababu hukumu nzima ya mashine 20 ilisimama juu yake.

Namba ile ilitoka kwenye programu iitwayo top. William LeFebvre aliitunga mwaka 1984 kwa ajili ya mifumo ya Unix, na leo ndugu zake wamo karibu katika kila toleo la Linux. Ukiandika amri hiyo kwenye terminali unapata jedwali la michakato, yaani programu zinazoendeshwa, mikubwa juu, midogo chini, linalojisahihisha kila baada ya sekunde chache. Kila mtu analifungua, lakini ni wachache waliosoma mwongozo wake, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mwongozo huo kwangu ni kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Andika man top. Utakutana na kurasa nyingi kavu, zisizo na utani wala picha, zilizoandikwa na watu wasiotaka kumfurahisha mtu yeyote isipokuwa msomaji anayetaka ukweli. Kila herufi ya jedwali imeelezwa humo. Herufi us ni muda ambao programu za watumiaji zimetumikiwa, sy ni muda wa kerneli, yaani moyo wa mfumo, na id ni muda ambao prosesa imekaa bure. Kuna wa, ambao ni muda wa kungojea diski. Nimeona watu wakiutazama ukipanda huku wakilaani prosesa ambayo wakati huo haikuwa na la kufanya.

Mwongozo huohuo unaeleza bila kigugumizi kwamba asilimia inayoandikwa mbele ya kila mchakato ni ya kiini kimoja, yaani kitengo kimoja cha kufanyia kazi ndani ya prosesa. Tuifanyie hesabu. Kompyuta zile zina viini vinne. Sekunde 3 zikipita ukutani, viini vinne kwa pamoja vina sekunde 12 za kugawa. Kivinjari kikichukua sekunde 5.61 kati ya hizo, top inagawanya 5.61 kwa 3 na kuandika 187. Ukibonyeza herufi kubwa I, programu hiyohiyo inagawanya tena kwa idadi ya viini, na namba iliyoitwa wazimu inakuwa 46.8. Kivinjari kilikuwa kinatumia chini ya nusu ya nguvu za mashine. Bonyeza 1 uone kila kiini na mzigo wake. Bonyeza c uone amri nzima iliyouzaa mchakato. Ni vitufe vitatu tu, na maabara nzima ilikaribia kuuzwa kama vyuma chakavu kwa kukosa mtu wa kuvibonyeza.

Mtasema nimemuonea mwenzangu, kwamba kuisoma vibaya namba si kosa kubwa. Sikubali. Ni kosa lenye historia nchini kwetu Tanzania. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Kazi ya kuihamishia mahesabu ya serikali haikwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na fedha za kigeni zilikuwa adimu kweli. Lakini tazameni nani alibeba adhabu: mashine. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, chama cha TANU kilikutana hapahapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka kijana apite kazini kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sikuzote nimeyaona mambo haya mawili ya mwaka 1974 kama watoto wasiofanana wa mama mmoja. Azimio liliamini kwamba mtu anayajua mambo kwa kuyashika. Katazo liliondoa kitu chenyewe mikononi. Azimio nalo lilikuwa na matatizo yake, wanahistoria walioko ukumbini watanisahihisha, ila ningefurahi kama kamati yetu ingepita kazini kwanza kabla ya kupiga kura.

Kosa la kuihukumu mashine bila kuisoma halipo kamatini tu; sasa niwapeleke Bunda. Kuna duka la steshenari karibu na barabara kuu ya Mwanza na Sirari, mahali vijana wanapojaza fomu za maombi ya vyuo na kutoa nakala. Dada mwenye duka aliniita kwa sababu kompyuta yake ilikuwa inachemka kiasi kwamba paka alihamia juu yake. Fundi alikuwa ameshakuja mara mbili. Mara ya kwanza alipiga mfumo upya, mara ya pili akaupiga tena. Nilifungua top nikakuta safu ya michakato iliyoandikwa Isolated Web Co. Jina limekatika kwa sababu kerneli inahifadhi herufi 15 tu za jina la mchakato, na Firefox, tangu toleo la 94 la Novemba 2021, inaipa kila tovuti mchakato wake. Fundi alikuwa ameliona jina hilo akadhani ni kirusi. Akakiua, kikazaliwa kingine. Akathibitisha kuwa ni kirusi.

Jina lililokatika halikwambii ni ukurasa gani. Ndiyo maana top peke yake haitoshi, na mtu anapaswa kuingia ndani ya kivinjari chenyewe. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu unapoandika anwani. Kwenye Chrome, ambayo tangu ilipotoka Septemba 2008 ilikuwa na meneja wake wa michakato, bonyeza Shift na Esc. Pale dukani orodha ilinyoosha kidole moja kwa moja: kichupo cha YouTube, kwaya inaimba kwa sauti ya chini tangu asubuhi, picha ikiwa imefunikwa na dirisha la fomu.

Wataalamu wengi wangeishia hapo na kumwambia dada afunge kwaya yake. Mimi nikauliza kwa nini video moja iichoshe mashine hivyo. Picha ya 1080 ina nukta 2,073,600. Kwa picha 30 kila sekunde, ni zaidi ya nukta milioni 62 za kupaka rangi kila sekunde. Kazi hiyo haikusudiwi kufanywa na viini vya prosesa. Kuna saketi maalumu ndani ya kitengo cha michoro inayoifanya huku imepoa. Lakini saketi hiyo ni kama mpishi anayejua mapishi machache. Kompyuta ya dada ni ya Intel kizazi cha nne, ya mwaka 2013 hivi. Saketi yake inajua umbizo la video liitwalo H.264. YouTube inapenda kutuma VP9, umbizo jingine ambalo Intel walilitia kikamilifu kwenye saketi zao kuanzia kizazi cha saba. Kwa hiyo kazi ilirudishwa kwa viini, vikapaka nukta moja baada ya nyingine. Juu ya hayo, Firefox yenyewe kwenye Linux haikuwasha kwa kawaida usimbuaji wa video kwa saketi za Intel hadi toleo la 115, Julai 2023, na toleo la dada lilikuwa la kabla ya hapo.

Tuliisasisha Firefox, tukaweka kiendelezi kiitwacho h264ify kinachoilazimisha YouTube kutuma H.264, na ubora tukaushusha hadi 480, ambapo nukta ni kama moja ya tano ya zile za awali. Kwaya iliendelea. Paka akatafuta mahali pengine pa kulala.

Zipo sababu nyingine za prosesa kulemewa, nazipitia haraka. Baada ya kupiga mfumo upya, draiva ya michoro inaweza kukosekana, na programu iitwayo llvmpipe ikabeba uchoraji wote wa skrini kwa prosesa. Ukurasa wa about:support wa Firefox utakuonyesha neno Software mahali ambapo hukulitarajia. Kiendelezi kibovu utakigundua kwa kuwasha kivinjari bila viendelezi. Na upo ukurasa unaokuibia waziwazi: kati ya Septemba 2017 na Machi 2019 huduma iitwayo Coinhive iliwawezesha wenye tovuti kuchimba sarafu ya Monero kwa prosesa za wageni wao, nanyi mkidhani mnasoma tu matokeo ya mpira.

Msomi anapaswa kupima pande zote, basi nipime. Brendan Gregg, anayesomwa na kila mtu wa fani ya utendaji wa mifumo, aliandika mwaka 2017 kwamba hata asilimia sahihi inaweza kudanganya, kwa kuwa muda unaohesabiwa kama kazi unaweza kuwa muda wa prosesa kungoja data kutoka kwenye kumbukumbu. Hoja hiyo inanigusa, kwani inamaanisha hata vitufe vyangu vitatu havimalizi mambo. Kumbukumbu nayo ina haki yake: kompyuta yenye GB 4 na vichupo 30 itaanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu diskini, mchakato wa kswapd0 utapanda juu ya orodha, na hapo mwenzangu wa kikaoni atakuwa amekaribia kusema kweli, ingawa dawa yake ni kipande cha RAM na si kompyuta nzima. Mwenzetu wa fizikia ameninong'oneza kwamba transista nazo huchakaa. Nimemsikia.

Na lipo vumbi. Hili nalikiri kwa aibu, kwa sababu lilinipata mimi. Laptopu yangu ilikuwa nzito kwa miezi, nami niliisomea miongozo yote, nikahesabu, nikachora majedwali. Mwishowe kijana wa pale sokoni Mwigobero, asiyejua wala asiyetaka kujua man top, aliifungua kwa bisibisi, akatoa donge la vumbi ukubwa wa dagaa watatu kutoka kwenye feni, akapaka dawa mpya ya joto juu ya prosesa, akanidai pesa yake. Prosesa ikizidi joto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Kazi ileile basi inachukua asilimia kubwa zaidi. Namba zangu zote zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa zinaniambia nishike bisibisi.

Mtu angetegemea baada ya kisa hicho nilegeze msimamo. Sikulegeza. Vumbi liliituma prosesa kama kwaya ilivyoituma. Nasema prosesa haichoki: inatumwa, na kazi ya msomi ni kumtaja aliyeituma. Na nikiulizwa nani anatuma mara nyingi zaidi, nitajibu bila kusubiri utafiti wa mtu: watengeneza kurasa wanaojaribu kazi zao kwenye mashine za mwaka huu, kwenye miji yenye waya wa nyuzi za kioo, wasiowahi kufikiria mwanafunzi wa Butiama anayetaka tu kuona jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa, na anayelazimika kwanza kuendesha matangazo manne yanayocheza.

Msaidizi wangu amesimama pembeni ya meza hii na moja ya zile kompyuta 20. Nimeiazima kabla haijafutwa vitabuni. Kwenye ukuta mnaona top yake: kivinjari kiko wazi, asilimia 6. Sasa atafungua ukurasa mmoja wa habari, mimi sitautaja, mtautambua wenyewe. Naomba aliye karibu na swichi azime mapangaboi kidogo, tusikie feni yake.