Shimo Kufunikwa Sio Mwisho wa Kazi: Hotuba juu ya Vyoo na Visima Vyetu

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama kwa niaba ya Halmashauri, mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Nyalenda, Kisumu.



Halmashauri imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa desturi halitajwi katika baraza la watu wazima. Jambo lenyewe ni choo. Twawaomba radhi wazee wetu kabla hatujaanza, maana itatulazimu kuyataja mambo kwa majina yake. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua; nasi tumeona ni heri aibu ya nusu saa kuliko msiba wa nyumba nzima.

Mmekwisha kusomewa hesabu za mwaka. Mmeona kwamba sehemu kubwa ya fedha za chama imekwenda mahali pawili: kusafirisha maiti hadi nyumbani, na kusaidia wagonjwa. Kazi hiyo ni njema, nayo ndiyo iliyotukusanya hata tukawa chama. Walakini, katika kuandika hati za malipo mwezi baada ya mwezi, sisi tunaoshika kalamu tumeona neno moja likirudi tena na tena, nalo ni kuhara. Hatusemi kwamba kila ugonjwa ulitoka chooni, maana sisi si waganga. Twasema tu kwamba chama kinacholipia majeneza hakina budi kuuliza pia habari za maji wanayokunywa walio hai.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka miwili iliyopita, wapangaji wa ploti moja hapa mtaani walikuja kuomba msaada, kwa kuwa choo chao kilikuwa kimejaa. Halmashauri ilikubali, nasi tukaandika hati ya malipo. Fundi akachimba shimo jipya, hatua zipatazo 8 kutoka kisima cha ploti. Kabla hajafika urefu wa mtu alikuta maji. Alituambia kwamba hiyo ni bahati njema, maana choo chenye maji hakijai upesi. Tulimsadiki, tukafurahi, tukatia sahihi. Kweli choo kile hakikujaa. Miezi ilipita nacho kikawa kama kwamba kimechimbwa jana. Ndipo ilipokuja masika. Maji ya ardhini yalipanda, shimo likafurika, ukuta mmoja ukaanguka, na yaliyokuwa ndani yakatoka uani. Watoto wawili wa ploti ile walilazwa hospitali. Twamshukuru Mungu kwamba walipona. Mama yao alipokuja kuomba fedha za dawa, alisimama mbele ya meza yetu akatuuliza swali moja: "Karani, choo kile kilikuwa hakijai. Je, vitu vyetu vilikuwa vikienda wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Hotuba hii ndiyo jibu tulilokwenda kulitafuta.

Vilikuwa vikienda kisimani. Mtaa wetu umelala chini, karibu na ziwa, na maji yake ya ardhini hayako mbali. Ndiyo sababu mtu huweza kuchimba kisima kwa jembe na sururu akapata maji kwa kazi ya siku chache. Lakini ardhi ile ile impayo mtu maji upesi ndiyo impelekeayo jirani yake uchafu upesi. Wataalamu wa afya hufundisha kwamba shimo la choo likae mbali na kisima, yapata mita 30, na kwamba kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Ni ploti gani kati ya zetu yenye mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta? Watafiti waliopima maji ya visima vifupi katika mitaa ya Manyatta na Migosi, hapa hapa Kisumu, walikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vingi. Maji yenye vijidudu yaweza kukosa rangi na harufu. Yaweza kung'aa katika kikombe kama maji ya mvua.

Wala jambo hili si la Waafrika peke yao. Mwaka 1854, mtaa wa Soho katika mji wa London ulishikwa na kipindupindu, na watu zaidi ya 600 wakafa. Daktari mmoja, John Snow, aliona kwamba wengi wa waliokufa walichota maji kutoka bomba moja la Broad Street, na baadaye akaziandika nyumba zao katika ramani. Padre wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakumwamini kwanza. Akaenda nyumba kwa nyumba ili amkanushe. Badala yake alikuta habari ya mtoto mchanga aliyeugua kuhara kabla ya wengine. Nepi zake zilikuwa zikifuliwa, na maji yake yakamwagwa katika shimo la uchafu la nyumba. Walipofukua waliona kwamba shimo lile na kisima vilitenganishwa na udongo usiofika hata mita moja, na kuta za shimo zilikuwa zimeoza. Twaomba mama zetu waliweke moyoni jambo hili, maana tumezoea kusema kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Hakika kina madhara sawa na cha mkubwa, na mara nyingi huzidi.

Wengine watasema, basi na tungoje mabomba ya serikali. Ni haki yetu kuyadai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha, na ya maji safi na salama. Tuendelee kudai, kwa barua na kwa wajumbe. Lakini masika hayangoji barua ijibiwe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi kilichopata kuandikwa kabla yake, na mwaka 2024 likafurika tena. Tena lori la kunyonya vyoo haliwezi kupita katika vichochoro vyetu, kwa hiyo wako vijana wanaozoa kwa ndoo usiku, bila viatu wala glavu, na wengi wao humwaga mtaroni. Kutoka mtaroni uchafu huenda ziwani. Huko haupotei. Ndani yake mna naitrojeni na fosforasi, yaani chakula cha mimea, na gugu maji hunawiri kwa chakula hicho, hata wavuvi hushindwa kutoa mashua. Hivyo twalilisha gugu la ziwa, huku shamba likilala njaa nasi tukinunua mbolea ya gunia.

Basi, ndugu wanachama, tumeuliza kama kuna njia ya kukitibu kinyesi badala ya kukificha. Zipo njia kadhaa, nazo si ndoto.

Ya kwanza ni choo cha bomba la hewa, kilichobuniwa katika miaka ya 1970 huko Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe. Bomba refu lenye wavu juu yake hutoa harufu na kunasa nzi. Ni kizuri, lakini bado ni shimo, na hapa kwetu shimo ndilo adui.

Ya pili ni choo cha gesi. Huko Kibera, Nairobi, shirika la Umande Trust lilisimamia ujenzi wa majengo ya vyoo ambamo kinyesi huingia katika kuba lililozikwa ardhini lisilopitisha hewa. Humo vijidudu hukila na kutoa gesi iwakayo, nayo hupikiwa. Hilo lafaa soko au shule, penye watu wengi kila siku. Na maji yatokayo kubani bado yataka kuangaliwa, maana si vijidudu vyote vya maradhi vifavyo mle.

Ya tatu ni choo cha chombo. Katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, tangu mwaka 2011 viliwekwa vyoo viitwavyo Fresh Life, ambavyo chombo cha chini hufungwa, huchukuliwa, na kingine huwekwa mahali pake. Yaliyomo hupelekwa kiwandani kufanywa mbolea. Huko Naivasha walionyesha kwamba kinyesi kilichopashwa joto hata kikasalimika chaweza kuchanganywa na takataka nyingine kikawa makaa ya kupikia. Lakini njia hii yahitaji kampuni na magari, navyo si vya chama kidogo kama chetu.

Ya nne, nayo ndiyo Halmashauri inayoipendekeza, ni choo kikavu cha kutenganisha haja. Choo hiki hakichimbwi, bali hujengwa juu ya ardhi. Chini ya sakafu huwa na vyumba viwili vya matofali, vilivyopigwa plasta ya saruji visipenyeze maji, kila kimoja na mlango wake mdogo wa nyuma. Sahani ya kuchutama ina tundu la mbele na tundu la nyuma. Mkojo hupita mbele, ukaenda kwa mpira hadi katika mtungi. Kinyesi huanguka nyuma, na mtu akimaliza hutia kopo la majivu makavu. Anayetawadha kwa maji ana mahali pake pembeni, maana maji yakiingia chumbani yaharibu kazi yote. Chumba cha kwanza kikijaa hufungwa, na cha pili huanza kutumiwa. Ukavu, majivu na muda huua vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wasema kwamba katika nchi za joto kama yetu kinyesi kikavu kitunzwe zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutiwa shambani. Mwaka ukipita, kitokacho hufanana na udongo. Hata hivyo Halmashauri yashauri kisitiwe penye mboga ziliwazo mbichi, kwa kuwa mayai ya minyoo ni magumu kufa.

Mkojo nao ndio wenye mali. Zaidi ya nusu ya naitrojeni itokayo mwilini imo humo. Ukitunzwa miezi 6 katika mtungi uliofungwa, ukapunguzwa kwa maji, kipimo 1 kwa vipimo 3 au zaidi, humwagwa shinani mwa mahindi au migomba, wala si juu ya majani.

Haitupasi kuwaficha upande wa pili. Mji wa Durban, Afrika Kusini, baada ya kipindupindu kilichoingia mkoa ule mwaka 2000, ulijenga vyoo vya namna hii zaidi ya 75,000 pembezoni mwake. Viliwasitiri watu wengi, lakini wengi vile vile hawakuridhika navyo, hasa kwa sababu kila nyumba iliachiwa kuzoa chumba chake yenyewe. Fundisho ni hili: matofali hayaharibiki upesi, lakini kazi isiyo na mwenyewe huharibika katika mwezi mmoja. Choo kisicho na majivu ni shimo lililopandishwa juu.

Kuna na neno la wazee. Tumeambiwa, nasi twakubali, kwamba kwa desturi yetu mkwe haingii choo kimoja na mkwewe. Hatukuja kuivunja heshima hiyo. Kwa kuwa choo kikavu hakihitaji shimo, vyaweza kujengwa viwili bega kwa bega, kila kimoja na mlango wake, na mlango wa mama zetu ukaelekea penye taa. Twaomba wazee watuongoze hapo, maana wao ndio watakaosikilizwa na ploti zote.

Na kwa wale wenye nafasi nyumbani mashambani, mahali ambapo maji yako mbali chini, kuna njia rahisi kuliko hizi zote. Chimba shimo fupi la mita 1 hivi, weka sakafu nyepesi ihamishikayo, tia udongo na majivu kila mara. Likikaribia kujaa, hamisha sakafu, jaza udongo wa kutosha juu, ukapande mpapai au mwembe. Njia hii ilienezwa na Peter Morgan wa Zimbabwe.

Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta maombi matatu. Kwanza, chama kisilipie tena shimo lolote la choo katika mtaa huu wa maji ya juu. Pili, katika akiba ya mwaka huu itengwe sehemu ya kujenga vyoo vikavu viwili katika ploti ile ile tuliyoikosea, ikiwa mwenye nyumba atakubali kwa maandishi, na kisima chake kifungwe kwa maji ya kunywa. Tatu, wachaguliwe watu wa kuleta majivu na kukagua, na mzoaji alipwe ujira, apewe viatu na glavu, wala asiitwe jina la dharau. Mtu azuiaye maradhi yasiingie nyumbani mwetu hastahili kutumwa gizani kama mwizi.

Tunajua wako watakaosema kwamba fedha hizi ziliwekwa kwa mazishi. Ni kweli, nasi ndio tuliyoyaandika maneno hayo katika kitabu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejiunga na chama akitamani kuzikwa mapema.

Mama yule yumo humu mkutanini leo. Jibu la swali lake tumekwisha kulitoa, tena mbele ya watu wote. Lililobaki ni kura zenu.