Ujerumani Mwaka 1961: Ukuta na Nguvukazi



Katika masomo ya historia, Ujerumani ya mwaka 1961 huonekana kama uwanja wa Wamarekani na Warusi. Kennedy na Khrushchev wanakutana Vienna mwezi Juni, ukuta unajengwa Berlin mwezi Agosti, vifaru vinatazamana mwezi Oktoba. Yote hayo yalitokea. Mada hii inatetea hoja nyingine: ukuta ulikuwa kwanza hatua ya kiuchumi ya serikali iliyokuwa ikikimbiwa na wafanyakazi wake.

Tangu 1949 nchi ilikuwa na serikali mbili, na tangu Mei 1952 Mashariki ilikuwa imefunga mpaka wake na Magharibi kwa seng'enge na walinzi. Berlin ilibaki wazi. Mji huo, ingawa ulikuwa ndani kabisa ya eneo la Mashariki, ulikuwa chini ya mamlaka ya mataifa manne yaliyoshinda vita. Kwa hiyo mtu wa Leipzig au Dresden aliyetaka kuhama hakuhitaji kuruka seng'enge. Alikata tiketi hadi Berlin Mashariki, akapanda treni ya mjini vituo vichache, akateremkia Magharibi na kujiandikisha katika kambi ya Marienfelde. Kati ya 1949 na 1961, kwa njia hii na nyinginezo, waliondoka watu wapatao milioni 2.7, katika nchi ya watu kama milioni 17. Karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 25. Madaktari, wahandisi, walimu na mafundi walisomeshwa kwa fedha za Mashariki, wakaenda kuzalisha Magharibi.

Kuna kundi jingine lisilotajwa sana. Watu zaidi ya 50,000 walikuwa wakiishi Berlin Mashariki na viunga vyake huku wakifanya kazi Berlin Magharibi. Kodi ya nyumba na mkate walilipia kwa bei ya ruzuku ya Mashariki, ilhali mshahara, au sehemu yake, walipokea kwa marki ya Magharibi, ambayo mitaani ilibadilishwa kwa marki kadhaa za Mashariki. Wapo majirani waliowaonea kijicho, na kiangazi cha 1961 magazeti ya serikali yaliwaandama bila kupumzika. Kwa maoni yangu, atakayeuliza kwa nini baadhi ya raia wa Mashariki hawakuuchukia ukuta tangu siku ya kwanza aanzie hapa, kabla hajafika kwenye itikadi.

Tarehe 15 Juni kiongozi wa Mashariki, Walter Ulbricht, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna mwenye nia ya kujenga ukuta. Mwandishi alikuwa amemuuliza habari za mpaka tu. Neno ukuta alilitaja Ulbricht mwenyewe. Mwezi Julai walioondoka walizidi 30,000. Mwanzoni mwa Agosti viongozi wa nchi za Mkataba wa Warsaw walikutana Moscow, Ulbricht akapata idhini, na kazi akakabidhiwa msaidizi wake, Erich Honecker. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 13 Agosti, seng'enge ikatandazwa katikati ya mji. Siku chache baadaye yakaja matofali ya saruji.

Mtaa wa Bernauer Strasse unaeleza mengi. Nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu mbele ya milango yao ilikuwa Magharibi. Milango ikazibwa, watu wakaanza kuruka kutoka madirishani. Ida Siekmann, muuguzi, aliruka tarehe 22 Agosti akafa. Siku mbili baadaye Günter Litfin, kijana wa miaka 24, alipigwa risasi majini akijaribu kuvuka. Litfin alikuwa fundi cherehani aliyefanya kazi Berlin Magharibi, yaani mmoja wa wale 50,000.

Habari za wakubwa nitazipitia haraka. Meya wa Berlin Magharibi, Willy Brandt, alimwandikia Kennedy kulalamika. Kansela wa Ujerumani Magharibi, Adenauer, hakufika Berlin hadi tarehe 22 Agosti, na katika uchaguzi wa 17 Septemba chama chake kikapoteza wingi wake bungeni. Vifaru vilivyotazamana tarehe 27 na 28 Oktoba vilihusu haki ya maofisa wa Magharibi kuingia Berlin Mashariki. Raia hawakuwamo katika ugomvi ule.

Siku mbili baada ya vifaru kuondoka, tarehe 30 Oktoba, Ujerumani Magharibi ilikubaliana na Uturuki kuajiri wafanyakazi wake. Tusiseme kwamba ukuta ndio uliozaa mapatano hayo, kwa maana yale ya Italia yalikuwapo tangu 1955, na ya Hispania na Ugiriki tangu 1960. Viwanda vilikuwa na njaa ya watu tayari. Ukuta ulikata chanzo kimojawapo kikubwa, Magharibi ikazidi kutafuta kwingine. Upande wa pili, Januari 1962 Mashariki ilipitisha sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia jeshini, sheria ambayo ingekuwa vigumu kuithubutu wakati kijana aliweza kupanda treni na kutoweka.

Naomba basi walimu wa historia mliomo humu, mnapofundisha Vita Baridi, tarehe 30 Oktoba 1961 iandikwe ubaoni pamoja na 13 Agosti, na wanafunzi waulizwe kwanza nani alihitaji wafanyakazi, ndipo waulizwe nani alikuwa na vifaru.