MDUDU MWENYE MBIO SI NGE: TUWATOFAUTISHE

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama)



Msimu wa kuokota korosho umefika, na maswali ni mengi juu ya yule mdudu wa rangi ya mchanga, mwenye manyoya, anayekimbia usiku kuelekea kwenye taa. Wapo wanaosema ana sumu kuliko nge. Jamani, si kweli.

Kwanza tumtambue. Ukoo wake ni mmoja na nge na buibui, lakini yeye si nge wala si buibui. Ukimtazama utadhani ana miguu kumi. Miguu ni minane. Ile miwili ya mbele ni ya kupapasia. Hana mkia, hana mwiba, hafumi utando. Mdomoni ana koleo mbili kubwa. Duniani wako aina zaidi ya 1,000, wengi katika nchi kavu.

Kwenye taa anafuata wadudu. Mchana akikukimbilia, anatafuta kivuli chako, hakufukuzi wewe. Chakula chake ni mchwa na wadudu wengine, hata nge humla. Sumu hana. Ukimshika atauma, na koleo zaweza kutoboa ngozi. Osha kwa maji na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Kidonda kikivimba au kutunga usaha, nenda zahanati.

Pili, nge. Huyu ana mkia wenye mwiba, na sumu iko hapo. Nge mwenye mkia mnene na magando membamba ndiye wa kuogopwa zaidi. Hatari ni kuwachanganya hawa wawili: mtoto anachomwa usiku, watu wanasema "ni yule wa mbio tu", analazwa mpaka asubuhi. Kwa hiyo, kama mdudu hakuonekana na maumivu ni makali, hesabu kuwa ni nge.

Aliyechomwa na nge aoshwe, awekewe kitambaa cha maji baridi, atulizwe. Tusichanje kwa wembe, tusifunge kamba, tusipake mafuta ya taa, tusikae kungoja jiwe jeusi. Mtoto mdogo apelekwe hospitali mara moja. Mtu mzima naye, akitokwa mate au jasho jingi, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida, asicheleweshwe. Walio karibu na Masasi wana Mkomaindo, wengine wana Ndanda, na Newala kuna hospitali ya wilaya.

Tatu, kinga. Tupekue majani kwa kijiti kabla ya kuokota korosho. Tukung'ute magunia na viatu. Kuni zisirundikwe ukutani mwa nyumba. Usiku tusitembee pekupeku, na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Basi ndugu zangu, yule wa mbio mwacheni apite, anatulia mchwa. Wa mkia ndiye wa kukimbiza mgonjwa hospitali. Mwenye swali aulize.