Chai ya Barafu Ugenini

Leo twataka kuzungumza habari za chai. Wala si chai ile mnayoijua, yenye kufuka mvuke, bali chai inywewayo baridi, katika bilauri iliyojaa vipande vya barafu. Huenda mtu akauliza, "Je, hayo nayo ni maneno ya kutiwa katika redio?" Na asubiri kidogo. Kwa ajili ya chai hiyo sisi walimu wawili tulimhuzunisha mama mmoja nyumbani mwake bila kujua; na baadaye, katika nchi nyingine, tukaitafuta chai ile ile kwa bidii tusiipate.

Desturi yetu twaijua sote. Mgeni akipiga hodi, moto huchochewa, birika huinjikwa, na chai huletwa ikiwa moto hata mtu huimimina kisahanini ili apate kuinywa. Chai iliyopoa hurudishwa jikoni. Chai iliyolala humwagwa, au hupewa mtoto aliyechelewa kuamka. Kumwekea mgeni chai ya baridi ni sawa na kumwambia kwamba hakutazamiwa, na njia aijua.

Basi, tukiwa na mawazo hayo, tulifika Virginia, jimbo mojawapo la upande wa kusini wa Marekani, katika mwezi wa Julai, ili kuhudhuria mafunzo ya walimu. Wengi kwetu hudhani kwamba nchi zile ni za theluji tu. Virginia wakati wa Julai ni kama Tanga au Mombasa mwezi wa Februari: upepo umekufa, shati lashikamana na mgongo, na usiku hauleti nafuu. Tulipewa chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, mtu wa makamo, mcha Mungu, asiye na maneno mengi.

Jioni ya kwanza alituandalia kuku wa kukaangwa, mahindi mabichi ya kuchemshwa, na mikate midogo ya moto. Kisha akaleta jagi kubwa la kioo, akatumiminia chai nyeusi juu ya barafu, na juu ya kila bilauri akachomeka kipande cha limau. Tulitazamana. Mmoja wetu akanong'ona kwa Kiswahili, "Je, mama huyu amepungukiwa na moto?" Akaonja kidogo, akaiweka chini. Mwenzake hakuigusa kabisa. Tukaomba maji, tukaletewa. Mwisho wa chakula mama aliziondoa zile bilauri mbili zilizojaa, asitamke neno, na mazungumzo yakakatika tangu hapo hata wakati wa kulala.

Kesho yake jirani yake, mzee wa kanisa, alituita kando barazani pake. Akatuambia kwamba mama yule alikuwa ameamka kabla ya mapambazuko siku ile ya kufika kwetu, akachemsha maji yake wakati jikoni pangali na ubaridi, kwa kuwa kuwasha moto mchana ni kuongeza hari ndani ya nyumba. Akaiacha chai itulie tangu alfajiri hata magharibi, kwa ajili yetu. Katika upande ule wa nchi chai hiyo ndiyo karibu yenyewe: aingiaye, awe mhubiri au fundi wa bomba, hupewa bilauri kabla hajaulizwa shida yake. Kuiacha bilauri imejaa ni kusema kwamba nyumba haikukupendeza.

Tuliona haya sana. Tukarudi, tukamkuta akikunja nguo, tukasema, "Mama, twakuomba radhi. Kwetu chai ya baridi hupewa mtu asiyetakiwa." Akatutazama kitambo, kisha akacheka hata akashika meza. "Kumbe mlidhani nimewanyima moto, wanangu!" Akaleta jagi. Siku ile tulikunywa bilauri tatu tatu, na ya tatu hatukuinywa kwa adabu tena, bali kwa kiu. Nasi tukampikia chai yetu ya maziwa na tangawizi. Aliisifu sana, lakini tulipogeuka tulimwona akitia barafu ndani yake.

Jirani yule alipenda kusimulia asili ya chai hiyo kama isimuliwavyo na wengi. Yasemwa kwamba mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya St. Louis, Mwingereza aitwaye Richard Blechynden alikuwa akiitangaza chai ya India. Jua likawaka, na watu hawakutaka chai ya moto. Ndipo alipoitia barafu, na umati ukamjia. Hadithi ni nzuri, na hapana shaka kwamba maonyesho yale yaliisaidia chai ya barafu kujulikana. Lakini kwamba ndiye aliyeivumbua, hilo si kweli. Kiko kitabu cha mapishi cha huko huko Virginia, cha Bibi Marion Cabell Tyree, kilichopigwa chapa mwaka 1879, miaka 25 kabla ya maonyesho hayo, nacho chaeleza namna ya kuifanya: chai ya kijani itiwe katika maji yanayochemka asubuhi, ichujwe bila kukorogwa, kisha jioni imiminwe juu ya barafu na sukari, na kukamuliwa limau kidogo. Wanafunzi, mkisikia kwamba fulani ndiye wa kwanza kufanya jambo, ulizeni mwaka.

Na barafu ya siku zile ilitoka wapi, kabla ya mashine? Ilitoka katika maziwa na mabwawa ya kaskazini, ambayo wakati wa baridi maji yake huganda hata watu huweza kuyakanyaga. Waliikata kwa misumeno, wakaifunika kwa unga wa mbao ili joto lisiipate upesi, wakaiweka ghalani hata wakati wa jua. Frederic Tudor wa Boston alipeleka shehena ya barafu katika kisiwa cha Martinique mwaka 1806, na watu wakamcheka. Mwaka 1833 aliipakia merikebu iitwayo Tuscany tani 180 hivi, akaipeleka Calcutta katika India. Safari ilichukua miezi minne, ikavuka bahari za joto, na ilipotia nanga zilikuwa zimesalia tani 100 hivi. Sisi wenyewe huharakisha kutoka sokoni na samaki asiharibike njiani. Tukisikia habari hiyo twastaajabu.

Jambo moja tuliliona mezani pa mama yule, nalo lafaa kuwa somo darasani. Bilauri ya chai ya barafu haikai dakika chache ila nje yake yalowa matone, hata meza hupata duara la maji. Mtu angeweza kudhani kwamba chai imepenya kioo. Na atazame vema: chai ina rangi, matone hayana rangi wala utamu. Maji yale hayakutoka ndani. Yalikuwa hewani, mvuke usioonekana, nao ulipogusa kioo baridi ukageuka maji.

Sasa linganisheni na mtungi wetu. Mtungi nao hulowa nje, lakini huo ndio umepenya kweli, kwa kuwa udongo una vitundu vidogo sana. Maji yale ya nje hukauka, na katika kukauka huchukua joto la mtungi, hata maji ya ndani yakapoa. Kwa hiyo bilauri hulowa kwa sababu ni baridi, bali mtungi huwa baridi kwa sababu umelowa. Tena, mtungi hufanya kazi vizuri zaidi palipo na hewa kavu, kama Dodoma, kuliko pwani ambako hewa imekwisha kushiba maji. Asiye na barafu aweza kutia chai iliyopoa katika chupa, akaifunga, akaizungushia kitambaa chenye maji, na kuitundika kivulini penye upepo. Haitakuwa baridi kama ya Virginia, lakini itamburudisha mtu atokaye shambani.

Baadaye masomo yetu yalitupeleka Uingereza, nasi tulikuwapo London mwaka 1922 ukiwa umepita miaka 100 kamili, yaani mwaka 2022, ilipopatikana hari ambayo watu wa nchi ile hawakuwa wameizoea. Tarehe 19 Julai kipimo cha joto kilifika 40.3 huko Coningsby, katika Lincolnshire. Ilikuwa mara ya kwanza nchi ile kupima zaidi ya 40. Nyumba zao zimejengwa ili kuzuia joto lisitoke, na siku ile halikutoka. Tulilala madirisha wazi, na fikira zetu zote zilikuwa juu ya jagi la yule mama.

Tulidhani kwamba katika nchi ya wanywaji chai kama ile hatutapata taabu. Tukaingia katika mkahawa mmoja, tukaomba chai ya barafu. Mtumishi alituuliza mara mbili, kana kwamba tumekosea lugha. Kisha akaleta vikombe viwili vya chai ya moto yenye maziwa, na katika kila kikombe vipande viwili vya barafu vikimalizika kuyeyuka. Alitenda kama tulivyomwambia, hatuwezi kumlaumu. Tukaenda dukani, tukakuta chupa zilizoandikwa chai ya barafu, ya limau na ya pichi, tukanunua. Ilikuwa tamu sana, yenye ladha ya matunda, lakini chai yenyewe ilikuwa ya kutafutwa humo. Hapo ndipo tulipomwelewa mama yule kwa mara ya pili. Tulikuwa tukitafuta kitu cha kwao katika nchi isiyo yao wala yetu, nasi tukiudhika kwamba watu hawakijui, kama tulivyokuwa hatukijui sisi.

Ikawa hapana budi kuifanya wenyewe. Mara ya kwanza tulimimina chai inayochemka juu ya barafu, na bilauri ikapasuka kwa kishindo. Kwa maana kioo kilichopata joto ghafula hutanuka upande mmoja kabla ya mwingine. Mwenye nyumba alitutoza bilauri yake. Ndipo tulipompigia simu mama wa Virginia, naye akatufundisha taratibu, akirudia kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Maji yachemke kweli. Kwa painti 2 za maji tia vijiko vidogo 8 vya majani, yaani uikoleze kuliko desturi, kwa sababu barafu itaipunguza nguvu. Funika dakika 5, usizidi, isije ikawa chungu, kisha uichuje. Sukari itiwe wakati huo huo ingali moto, kwani katika chai ya baridi sukari huzama chini isiyeyuke, hata ukoroge mpaka mkono uchoke. Ongeza painti 2 za maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Iache ipoe yenyewe, ndipo uitie katika kabati la barafu, nalo ndilo jokofu. Limau hukatwa wakati wa kunywa. Maziwa hayatiwi kabisa.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwa ajili ya wale wenye majokofu, na wale wanunuao barafu mjini. Wako wadhanio kwamba baridi husafisha maji. Sivyo. Moto huviua vijidudu vya homa ya matumbo na vya kipindupindu. Barafu huvilaza tu, na vingi huamka barafu iyeyukapo. Mtu aweza kuchemsha chai yake kwa uangalifu wote, kisha akaiharibu kwa kipande kimoja cha barafu kilichofanywa kwa maji ya kisima kisicho safi. Maji ya barafu nayo yachemshwe. Kadhalika wako watu Marekani wawekao majani na maji katika chupa juani, waiache saa nyingi, nao huiita chai ya jua. Jua halichemshi maji. Huyafanya vuguvugu tu, na vuguvugu ndilo lipendwalo na vijidudu. Chai hiyo hatuwashauri kuifanya. Hata iliyochemshwa vema, ikae jokofuni, na inywewe siku ile ile au kesho yake.

Tuliporudi kwetu tulitaka kumpelekea mama yule zawadi. Tukamnunulia majani ya Kericho, ratili mbili, ya zile punje ndogo nyeusi zitoazo rangi upesi. Chai hupandwa Kenya tangu mwaka 1903, ilipoanza huko Limuru, na leo nchi ile yatajwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chai duniani. Lakini mama yule hakuwa amepata kuionja.

Baada ya majuma kadhaa alituandikia. Alisema chai ina nguvu na harufu nzuri, na kwamba alimkaribisha mzee wa kanisa wakainywa pamoja barazani. Ila ilipopata baridi ilikuwa na ukungu kama maji ya mto wakati wa mvua, naye aliona haya mbele ya mgeni. Je, amekosea nini? Tukamjibu kwamba hakukosea. Chai yenye nguvu, ikipoa, dawa zake mbili zilizomo ndani hushikana na kuleta ukungu ule, nao hauna madhara. Atie maji kidogo yanayochemka, akoroge, nayo itang'aa tena. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja: imeng'aa, na mzee wa kanisa amekunywa bilauri nne.